Je, Subira Daima ni Fadhila? Maoni Juu ya Riwaya ya Kwanza ya Mariama Bâ

Kati ya methali tunazozifundisha tangu madarasa ya chini, ni chache zinazorudiwa mara nyingi kama zile zinazosifu subira. Tunawaambia watoto kwamba subira yavuta heri, na kwamba mvumilivu hula mbivu. Tunawataka wazitumie katika insha zao, nao huzitumia bila kuzihoji. Kisha watoto hao hukua, huoa na kuolewa, na siku ya arusi yao wazee husimama na kuwarudishia maneno yale yale: ndoa ni kuvumiliana. Ni nadra kumsikia mzee akieleza ni lipi linalopaswa kuvumiliwa, na nani alivumilie, na hadi lini. Swali hilo ndilo tunalokusudia kulitazama katika kurasa hizi, kwa msaada wa riwaya moja ambayo tumeisoma zaidi ya mara moja, na ambayo kila tunapoifunga hutuacha na nyoyo mbili: mmoja wa shukrani na mmoja wa wasiwasi.

Riwaya hiyo ni *Une si longue lettre*, kitabu cha kwanza cha Mariama Bâ wa Senegali, kilichotolewa mjini Dakar mwaka 1979 na shirika la Nouvelles Éditions Africaines. Sisi wa nchi hizi za jirani ambako shule zilifuata Kifaransa, wengi wetu tulikutana nacho kwanza katika lugha hiyo. Wasomaji wa Kiswahili wanakijua kwa jina la *Barua Ndefu Kama Hii*, katika tafsiri ya Clement Maganga. Mwandishi alizaliwa Dakar mwaka 1929, akasomea ualimu katika chuo cha wasichana cha Rufisque, akafundisha kwa miaka mingi, akazaa watoto tisa, na ndoa yake ikavunjika. Alikuwa amefikia umri wa miaka 50 hivi kitabu chake cha kwanza kilipotoka. Mwaka 1980 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Noma, na yeye ndiye mwandishi wa kwanza kabisa kuipokea tuzo hiyo. Mwaka uliofuata, 1981, alifariki dunia. Riwaya yake ya pili, *Un chant écarlate*, ilitoka akiwa amekwisha kuzikwa. Basi tunapokisema kitabu hiki cha kwanza, tunasema nusu ya riwaya zote alizotuachia.

Hadithi yenyewe si ngumu kuifuata. Ramatoulaye, mwalimu wa Dakar, amefiwa na mumewe Modou Fall, naye anakaa eda ya miezi 4 na siku 10. Katika muda huo anaandika katika daftari barua ndefu kwa shoga yake wa tangu utotoni, Aissatou. Ndoa ya Ramatoulaye ilidumu miaka 25 na kuzaa watoto 12 kabla Modou hajamwoa Binetou, msichana aliyekuwa rafiki na mwanafunzi mwenziwe Daba, binti yao mkubwa. Tangu siku ile Modou hakurudi tena nyumbani kwake. Alimwacha mkewe na watoto kwa miaka mitano, bila talaka na bila matunzo, mpaka moyo ulipomsimama ghafla akafa. Aissatou naye alikuwa amepatwa na jambo linalofanana na hilo miaka michache kabla. Mumewe, daktari Mawdo Bâ, alikubali kuozwa binti wa mjomba wake ili kumridhisha mama yake mwenye fahari ya ukoo, ambaye hakumsamehe mwanawe kwa kumwoa binti wa sonara. Aissatou hakungoja. Alimwachia Mawdo barua, akawachukua wanawe wanne, akasoma, akawa mkalimani, na hatimaye akafanya kazi katika ubalozi wa nchi yake nchini Marekani.

Tuanze na shukrani. Kitabu hiki kinajua mambo ya nyumbani kwa undani ambao riwaya nyingi zinazosifiwa hazina. Msomaji wa Kiswahili hujisikia yumo mwake. Eda tunaijua, matanga tunayajua, tunawajua mawifi wanaokuja kuhesabu na kugawa, na mirathi tunaijua. Kuhusu neno hili la mwisho mwandishi amefanya jambo la hekima kubwa. Mirathi, kama sheria ya Kiislamu ilivyoipanga, inadai mali na madeni ya marehemu yawekwe hadharani. Ramatoulaye anaichukua amri hiyo na kuipanua. Kama madeni ya mtu yanafunuliwa, basi na siri zake zifunuliwe. Ndipo tunapogundua pamoja naye kwamba nyumba ya kifahari aliyopewa Binetou ilinunuliwa kwa mkopo wa benki, na kwamba rehani ya mkopo huo ilikuwa nyumba ile ile anamoishi Ramatoulaye. Nyumba hiyo waliilipia wote wawili, yeye na mumewe, ijapokuwa hati ilikuwa na jina la mume peke yake. Hapa usaliti hauelezwi kwa machozi. Unaelezwa kwa hati na rehani, na kwa sababu hiyo unauma zaidi. Walimu wanaotaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi jambo la kawaida linavyoweza kubeba maana nzito hawatapata mfano ulio bora kuliko huo.

Vilevile tunaishukuru sehemu ambamo Ramatoulaye anaarifiwa kuhusu ndoa ya pili. Modou haji mwenyewe. Wanakuja watu watatu waliovaa vizuri: imamu, Tamsir ambaye ni ndugu wa Modou, na Mawdo. Wanazunguka na maneno ya kheri na ya kudra ya Mungu, wanamshukuru kwa robo karne ya ndoa njema, ndipo wanapomwambia kwamba mumewe ameoa siku ile ile. Naye anatabasamu, anawakaribisha kinywaji, anawashukuru, anawasindikiza mlangoni. Hakuna hata mmoja kati ya wageni aliyemwuliza kama ameridhia. Walikuja kwa sababu walijua kwamba atavumilia, na utulivu wake walioutegemea ndio uliowarahisishia kazi.

Katika sehemu hiyo swali letu linasimama wazi. Adabu ya Ramatoulaye ni nzuri mno, na malezi yetu yote yanatufundisha kuistahi. Lakini ilimfaa nani? Haikumfaa yeye, wala watoto wake, wala Binetou. Iliwafaa wanaume watatu waliotaka kuondoka bila fedheha, na wa nne ambaye hakuthubutu hata kuja.

Hapa yafaa tuyapime maneno yetu, kwa kuwa kupima maneno ndiyo kazi yetu. Katika mazungumzo ya kila siku tunachanganya kusubiri na kuvumilia kana kwamba ni kitu kimoja. Lakini anayesubiri anangoja, na anayengoja anangoja kitu: mvua, basi, mgeni, matokeo ya mtihani. Subira ina uso unaotazama mbele. Anayevumilia amebeba mzigo, na huenda mzigo huo hauna mwisho wala kituo cha kuutulia. Mkulima aliyepanda mahindi husubiri. Mfungwa asiyeambiwa kosa lake huvumilia. Methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu inachukulia kwamba matunda yapo mtini, na kwamba kilichobaki ni muda tu. Mtu akikaa chini ya mti ambao umekwisha kukatwa, kumwimbia methali hiyo si kumfariji, ni kumcheka.

Basi Ramatoulaye alikuwa akisubiri au akivumilia? Kwanza alisubiri. Aliamua kubaki, ingawa Daba na wadogo zake walimtaka aondoke, na alijiandaa kuishi kwa zamu na kwa uadilifu kama dini yake ilivyoagiza kwa wake zaidi ya mmoja. Jambo hili tunalisisitiza, kwa maana wapo wanaokisoma kitabu hiki kama shambulio dhidi ya ndoa ya wake wengi na hawaoni zaidi ya hapo. Sheria ya familia ya Senegali ya mwaka 1972 inamruhusu mwanamume kuchagua anapooa kama atakuwa na mke mmoja au zaidi. Sheria ya ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inazitambua ndoa za mke mmoja na za wake wengi, na inataka ndoa isibadilishwe aina ila kwa tamko la mume na mke pamoja. Watu wema wanaweza kubishana juu ya sheria hizo. Lakini Ramatoulaye hakudai kuwa peke yake. Alikubali kushiriki, naye hakupewa hata sehemu yake. Zamu aliyoiandalia chakula haikufika hata siku moja. Kuanzia hapo subira yake iligeuka kuwa uvumilivu mtupu, naye aliubeba kwa miaka mitano. Alilipa bili za maji na umeme, alitengeneza vitasa na madirisha, alikwenda sinema peke yake huku watu wakimtazama, alipanda magari ya abiria na wanawe mpaka Aissatou alipomnunulia gari.

Kinyume chake ni Aissatou. Mwandishi amezitia barua mbili katika kitabu kimoja. Barua ya Aissatou kwa mumewe ni fupi, na imepelekwa. Inasema kwamba haukubali mgawanyo ambao Mawdo anampendekezea, wa moyo kwake na mwili kwa mwingine, na kwamba kuanzia siku hiyo analivua jina na pendo la mumewe na kushika njia yake. Barua ya Ramatoulaye ni kitabu kizima, na hatuna hakika kama ilipelekwa, kwa sababu kufikia mwisho Aissatou yu njiani kuja Dakar. Anayeondoka hahitaji maneno mengi. Anayebaki anahitaji maelfu ya maneno ili ajieleze, si kwa shoga yake tu, bali kwa nafsi yake. Tunadhani huo ndio ukweli wa kitabu hiki ulio mkubwa kuliko yote, na kwamba mwandishi, aliyekuwa akiandika riwaya kwa mara ya kwanza, aliupata kwa kuuacha utokee wenyewe bila kuuhubiri.

Sasa tuje kwenye wasiwasi. Wasiwasi wetu wa kwanza unahusu jinsi kitabu hiki kinavyoweza kufika kwa wasomaji vijana. Ramatoulaye ndiye anayesema tangu mwanzo hadi mwisho, naye anasema vizuri. Sauti nzuri ina nguvu za kushawishi kuliko hoja. Msichana wa miaka 17 anayeisoma riwaya hii darasani anaweza kuhitimisha kwamba mwanamke mwenye heshima ni yule anayebaki, na kwamba maumivu yaliyosimuliwa kwa lugha tukufu yanakuwa matukufu. Aissatou anasifiwa sana, lakini yuko mbali. Tunaisikia barua yake moja, kisha tunaambiwa habari zake tu. Hata mwisho wa kitabu Ramatoulaye bado anaamini kwamba mume na mke hukamilishana, na kwamba familia na taifa husimama juu ya mapatano ya wawili. Imani hiyo ni nzuri. Lakini ikisemwa na mtu aliyeumizwa kiasi kile, kijana anaweza kuidhania kuwa malipo ya uvumilivu, na akatoka na funzo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Wasiwasi wa pili ni Binetou. Tukumbuke kwamba sisi ni walimu, na Ramatoulaye ni mwalimu, na mwandishi alikuwa mwalimu. Binetou alikuja katika nyumba ya Ramatoulaye kudurusu masomo pamoja na Daba. Habari za mzee mwenye pesa anayemnunulia nguo zilifika katika nyumba hiyo, bila mtu kutambua kwamba mzee huyo ndiye baba wa nyumba. Mama yake Binetou, aliyechoka na umaskini, alimlilia bintiye aikubali ndoa hiyo. Masomo yakakatizwa karibu na mtihani wa mwisho, na mahali pa masomo pakawekwa posho ya kila mwezi, nyumba, na safari ya Makka kwa wazazi. Ramatoulaye anamwonea huruma mara moja moja, naye anakiri kwamba msichana huyu alitolewa kafara. Lakini anapomzungumzia mama wa Binetou, kalamu yake inaingiwa na dharau ya mwenye nacho kwa asiye nacho. Binetou mwenyewe hapewi nafasi ya kusema. Tunamwona akicheza katika ukumbi wa dansi na mwanamume mwenye mvi, tunamwona amekaa akiwa mjane kijana, na ni basi. Wengi wetu tumekwisha kuona dawati la mwanafunzi wa kike likibaki tupu katikati ya mwaka, tukauliza mara moja, tukajibiwa kwamba ameolewa, tukaendelea na somo. Tulitarajia mwalimu aliyeandika kitabu hiki alitazame dawati lile kwa muda mrefu zaidi.

Wasiwasi wa tatu ni wa haki. Mwamuzi mwema husikiliza pande mbili, na Modou hawezi kujibu. Kitabu kizima ni kesi ambayo mshtakiwa wake amekufa. Ramatoulaye mwenyewe anajiuliza kama ulikuwa wazimu, au udhaifu, au pendo lisilozuilika, na hapati jibu. Je, ni uadilifu kuyaandika ya ndoa kwa mkono mmoja?

Tumelifikiri swali hili, na tunadhani kwamba hapa wasiwasi wetu unapungua, ijapokuwa hauishi. Modou alikuwa na miaka mitano ya kusema. Alikuwa na jioni ile moja ambayo angeweza kuja mwenyewe, akawatuma watatu. Mtu aliyekataa kujieleza alipokuwa na ulimi hawezi kudai kwamba ameonewa kwa kuhukumiwa kimya. Zaidi ya hayo, Ramatoulaye hasemi uongo juu yake. Anawakumbuka Modou wawili: kijana aliyempenda na kumwandikia barua kutoka Ufaransa alikosoma, wakili wa wafanyakazi aliyetetea haki zao, na pia mzee aliyeipaka nywele zake rangi ili aonekane kijana. Hamfanyi shetani, na pengine kinachotusumbua ni hicho hasa. Laiti angekuwa shetani, swali la subira lingekuwa jepesi. Ni kwa sababu alikuwa mtu mwema kwa miaka 25 ndiyo maana mkewe alishindwa kujua ni siku gani mti ulikatwa.

Tukifika hapo tunaweza kujaribu kulijibu swali tulilolianza. Tunaona kwamba riwaya yenyewe ina jibu, lakini haiko katika sura zinazosifiwa zaidi. Iko katika mambo matatu yanayotokea baada ya Modou kufa.

La kwanza ni posa ya Tamsir. Mara baada ya siku ya 40, ndugu huyo wa marehemu anakuja na wale wale wawili, imamu na Mawdo, kumtangazia Ramatoulaye kwamba atamwoa eda ikiisha. Hamposi, anamtangazia. Watu ni wale wale, sebule ni ile ile, na adabu inayotegemewa ni ile ile. Safari hii Ramatoulaye anafungua kinywa. Anamwambia Tamsir wazi kwamba yeye si kitu cha kurithiwa kutoka mkono hadi mkono, na kwamba anajua ni mshahara wake na nyumba yake vinavyotafutwa. Wageni wanaondoka wameinamisha vichwa. Kimya cha mara ya kwanza na maneno ya mara ya pili vyote vimetoka kwa mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Subira yake haikuharibika aliposema. Kwa mara ya kwanza ilipata mwenyewe.

La pili ni posa ya Daouda Dieng, daktari na mbunge aliyempenda tangu ujana wao, mtu mstaarabu asiye na hila. Daouda ana mke na watoto. Ramatoulaye anamheshimu, lakini hampendi, na anakataa kuwa sababu ya mwanamke mwingine kuingia katika maumivu aliyoyapitia yeye. Kwa hesabu ya dunia amepoteza. Jirani yake Farmata anamlaumu waziwazi. Lakini hapa kuna kitu ambacho methali zetu hazijakitaja: mtu aliyevumilia anaweza kuchagua kwamba mzigo huo haupitishi kwa mwenziwe.

La tatu ndilo tunalolipenda kuliko yote. Binti yake, ambaye naye anaitwa Aissatou kwa jina la shoga yule, anapata mimba akiwa bado mwanafunzi. Farmata anangoja kusikia kilio na laana. Ramatoulaye anaumia, anahangaika, kisha anamkumbatia mwanawe. Anaona pia udhalimu wa kanuni ya shule inayomfukuza msichana ilhali mvulana anaendelea na masomo yake. Kanuni hiyo tunaijua sisi walimu. Katika Tanzania ni mwaka 2021 tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule za kawaida. Katika sura hiyo subira ya Ramatoulaye haikuombwa na mtu yeyote. Hakuna aliyemtumia ujumbe wa wazee watatu. Aliitoa mwenyewe, kwa aliye mdogo na dhaifu kuliko yeye.

Kutokana na mambo hayo matatu tunathubutu kusema hivi: subira ni fadhila inapotolewa kwa hiari na mtu anayeweza pia kukataa. Inapodaiwa na yule anayefaidika nayo, hugeuka kuwa kodi, na anayeilipa hawezi kusifiwa kwa wema wake wala kulaumiwa siku anapoacha kulipa. Mawdo aliidai subira ya Aissatou, akanyimwa. Modou aliidai subira ya Ramatoulaye, akalipwa kwa miaka mitano. Hatuna sababu ya kumwita mmoja wa wanawake hao mwema na mwingine mkaidi. Wote wawili walikuwa na elimu na kazi, na bila hivyo hata hiari ingekuwa neno tupu. Asiyekuwa na elimu wala kazi alikuwa Binetou, na kwa hiyo yeye hakuulizwa abaki au aondoke. Mlango ulifungwa kabla hajaingia.

Wapo watakaotujibu kwamba tukiwafundisha vijana namna hii tutavunja ndoa. Hoja hiyo tunaiheshimu. Hakuna nyumba inayosimama bila watu kuchukuliana. Kuna maneno ya hasira ya kusamehe, kuna ugonjwa, kuna umaskini, kuna uzee, na mtu anayekimbia kila penye uzito hatajenga kitu. Lakini tutazame neno lenyewe ambalo wazee wanalisema arusini. Hawasemi kuvumilia, wanasema kuvumiliana. Kiambishi kile kidogo cha kutendana, ambacho tunakifundisha kila mwaka ubaoni, kinabeba sharti zima la ndoa. Penye mmoja anayevumilia na mmoja anayevumiliwa, sarufi yenyewe inakana kwamba wanavumiliana.

Tungependa basi kuwashauri wenzetu watakaoisoma riwaya hii pamoja na wanafunzi wao wasiiepuke kwa kuogopa maswali, wala wasiifundishe kama kitabu cha maadili chenye mfano wa kuigwa. Waziweke barua mbili kando kwa kando, ile fupi na ile ndefu, wawaulize wanafunzi kila mwandishi wa barua alikuwa na uwezo gani wa kuchagua. Wawape zoezi la kuandika barua ya tatu, ile ya Binetou, ambayo kitabu hakikutupa. Na wavulana wapewe zoezi la kuandika maneno ambayo Modou angeyasema jioni ile kama angekuja mwenyewe badala ya kutuma watu. Tunaamini kwamba zoezi hilo la mwisho litakuwa gumu kuliko yote, na ugumu wake utawafundisha kitu.

Kuhusu sisi wenyewe, bado tuna nyoyo mbili. Kitabu hiki kina kasoro za kazi ya kwanza. Mara nyingine hadithi husimamishwa ili mhusika atoe hotuba juu ya siasa au elimu, na mara nyingine hasira ya mwandishi huwaangukia maskini kuliko wenye hatia. Lakini kimetulazimisha kuitazama upya methali tuliyoisomesha kwa miaka mingi. Tutaendelea kuisomesha. Ila mwanafunzi akituuliza, kama tunavyotumaini kwamba siku moja atauliza, ni nani anayeingoja heri hiyo na ni nani anayeila, tutasimamisha somo na kumjibu.